Haki ya Kuwasha, Wajibu wa Kuzima: Historia ya Udhibiti wa Moto na Ukarabati wa Ardhi katika Nyanda za Juu za Ngorongoro na Karatu

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya udhibiti wa moto na ukarabati wa ardhi katika nyanda za juu za Ngorongoro na Karatu, kaskazini mwa Tanzania, tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwanzoni mwa karne ya 21. Maandishi mengi ya uhifadhi huutazama moto kama adui anayepaswa kuzuiwa tu. Insha inadai kwamba suala la msingi katika eneo hili limekuwa ni nani mwenye mamlaka ya kuwasha, wakati gani, na nani anayebeba gharama moto unapoponyoka. Mamlaka ya kuwasha yalihamishwa kutoka kwa wafugaji na wakulima kwenda kwa dola, ilhali wajibu wa kuzima ulibaki mikononi mwa wanavijiji. Insha inahitimisha kwamba ukarabati wa ardhi iliyoungua hauwezi kudumu pasipo kurekebisha mgawanyo huo.

1.0 Utangulizi

Ngorongoro na Karatu ni wilaya mbili za Mkoa wa Arusha zilizo katika mfumo mmoja wa ikolojia lakini chini ya tawala mbili tofauti. Upande wa Ngorongoro kuna Hifadhi yenye ukubwa wa takribani kilometa za mraba 8,300, iliyoanzishwa mwaka 1959 kama eneo ambamo wafugaji, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Upande wa Karatu kuna mashamba ya ngano, mahindi, maharage na kahawa. Katikati yake umesimama Msitu wa Nyanda za Juu Kaskazini, unaofunika miteremko ya kusini na mashariki ya kreta pamoja na Mlima Oldeani, ambao jina lake kwa Kimaasai linatokana na mianzi. Msitu huu hunasa ukungu na mvua, na chemchemi zinazotoka chini yake ndizo zinazowanywesha watu na mifugo wa Karatu. Kwa hiyo moto unaowaka upande wa juu ni jambo la wakulima wa chini, hata kama hawana sauti katika maamuzi ya huko juu.

Majira ya mwaka huongeza uzito wa jambo hili. Mvua za masika hukoma kwa kawaida mwezi Mei, na majani hukauka kuanzia Juni hadi Oktoba. Moto wa Septemba au Oktoba huiacha ardhi ikiwa tupu muda mfupi tu kabla ya mvua za vuli. Majivu na udongo wa juu huchukuliwa na maji kabla mbegu hazijapata nafasi ya kuota. Uharibifu mkubwa, kwa hiyo, huweza kufanywa na mvua ya kwanza inayofuata moto.

2.0 Moto katika Jamii za Wafugaji na Wakulima

Kwa Wamaasai, moto ni chombo cha kazi na pia ni nguzo ya mpangilio wa jamii. Wazee wanaolea rika jipya la vijana huitwa kwa jina linalotokana na kijiti cha kupekechea moto, *olpiron*, kwa kuwa ndio wanaowasha moto wa rika hilo. Ni mantiki basi kwamba jamii iliyoujengea moto maana ya malezi na mamlaka haikuuchukulia kama jambo la kila mtu kujifanyia apendavyo. Katika malisho, uchomaji ulilenga kuondoa majani makavu yasiyolika, kuchochea machipukizi na kupunguza kupe. Uchomaji wa mapema, majani yakiwa bado na unyevu kiasi, huacha mabaka yaliyoungua na yasiyoungua, na mabaka hayo huwa kizuizi cha moto mkubwa wa mwishoni mwa kiangazi.

Kwa Wairaqw, waliotoka katika kitovu chao cha Irqwar Da'aw huko Mbulu, moto ulikuwa kimsingi nyenzo ya kufungua ardhi mpya. Huko Irqwar Da'aw walikuwa na kilimo cha kina: samadi, matuta, na uangalifu mkubwa wa mteremko. Utafiti wa Yusufu Lawi kuhusu Uiraqw umeonyesha kwamba maarifa hayo ya mazingira yalifungamana na mahali na imani, na kwamba yalipata misukosuko watu walipohama au kuhamishwa. Walipopanuka kuelekea kaskazini, hadi Karatu, walikuta vichaka, malisho na mbung'o. Ufyekaji na uchomaji vilikuwa njia ya kuifanya nchi ikalike.

Tukio lililobadili uwiano huu lilikuwa sotoka ya miaka ya 1890. Oscar Baumann, aliyefika Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta Wamaasai wakiwa katika njaa kali baada ya ng'ombe wao kufa. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977, alijenga hoja kwamba maafa ya kipindi hiki yaliwanyang'anya Waafrika udhibiti wa mazingira yao: mifugo ilipokwisha na watu walipopungua, vichaka na mbung'o vilisonga mbele. Hoja hiyo ina umuhimu wa pekee kwa historia ya moto. Mandhari ambayo wakoloni waliikuta na kuidhania kuwa ya asili ilikuwa, kwa sehemu, mandhari iliyokosa watunzaji wake.

3.0 Ukoloni na Kuzaliwa kwa Marufuku

Wakati wa utawala wa Wajerumani, ndugu wawili wa ukoo wa Siedentopf walimiliki mashamba ndani ya kreta hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya vita, walowezi wengine, wengi wao Wajerumani, walianzisha mashamba ya kahawa Oldeani. Walowezi walihitaji maji na kinga dhidi ya mmomonyoko. Misitu ya juu ikatengwa na moto ukaanza kutazamwa kama kosa.

Katika miaka ya 1930 mtazamo huo ulipata nguvu kutoka mbali. Dhoruba za vumbi zilizoyakumba mashamba ya Marekani ziliwatia hofu maofisa wa kilimo wa Kiingereza kote Afrika Mashariki, na hifadhi ya udongo ikawa sera ya dola. Katika Mbulu, sera hiyo ilichukua sura ya mpango wa maendeleo wa miaka ya 1950 uliohusisha kupunguza mifugo, kufyeka vichaka vya mbung'o na kufungua maeneo mapya ya makazi. Wakati huohuo kilimo cha ngano cha kutumia matrekta kilienea Karatu. Dola ileile iliyohubiri hifadhi ya udongo ilihimiza zao lililoiacha miteremko wazi kwa miezi kadhaa kila mwaka.

Kwa upande wa Ngorongoro, Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliyotangazwa mwaka 1951 ilijumuisha kreta. Katazo la kilimo ndani ya hifadhi liliamsha upinzani, na baada ya ripoti ya Pearsall na kazi ya kamati ya Nihill mwaka 1957, eneo lilitenganishwa mwaka 1959. Ahadi ya wakati ule ilikuwa matumizi mseto ya ardhi. Hata hivyo, ahadi haikueleza kwa ufasaha nani angekuwa na neno la mwisho kuhusu moto, na pengo hilo lilijazwa na mamlaka ya uhifadhi.

4.0 Kreta bila Moto, 1974–2001

Mwaka 1974 wafugaji waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka uliofuata sheria ilibadilishwa: Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro iliundwa upya na kilimo kikapigwa marufuku. Uchomaji wa malisho nao ulibanwa. Kuanzia hapo sakafu ya kreta, yenye takribani kilometa za mraba 260, ilikosa mambo mawili yaliyokuwa yakiiunda kwa pamoja, yaani malisho ya ng'ombe na moto wa wafugaji.

Athari zilijitokeza kwanza katika nyanda za juu nje ya kreta. Homewood na Rodgers, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1991, walijadili kuenea kwa *Eleusine jaegeri*, jani gumu la vichaka ambalo ng'ombe hawalipendi, na uhusiano wa jambo hilo na kupungua kwa moto. Majani marefu yasiyolika huhifadhi kupe, na kupe huleta ndigana kali pamoja na ugonjwa wa ubongo ambao Wamaasai huuita *ormilo*. Kwa mfugaji, katazo la moto halikuwa suala la kanuni tu. Lilimaanisha ndama waliokufa.

Ndani ya kreta matokeo yalidhihirika mwaka 2000 na 2001. Baada ya ukame mkali, mamia ya nyati walikufa, na vifo vilitokea pia miongoni mwa faru weusi na simba. Uchunguzi ulihusisha sehemu ya vifo hivyo na magonjwa yanayoenezwa na kupe. Mwaka 2001 Mamlaka ilianza kuchoma kwa mpango sehemu za sakafu ya kreta, na utafiti wa Fyumagwa na wenzake uliochapishwa mwaka 2007 uliripoti kupungua kwa kupe.

Kwa mwanahistoria, tukio hili lina uzito mkubwa. Miaka 27 baada ya kuwaondoa waliokuwa wakichoma, taasisi iliyowaondoa iliurudisha moto kama mbinu ya kitaalamu. Maarifa yalirejea, lakini wenye maarifa hawakurejea. Kilichobadilika ni nafasi ya kijamii ya anayeshika kiberiti. Akiwa mfugaji aliitwa mharibifu, na akiwa ofisa aliitwa msimamizi wa mazingira.

5.0 Mpaka wa Hoja: Moto wa Malisho na Moto wa Msitu

Hoja iliyotangulia isichukuliwe kuwa utetezi wa kila moto. Malisho na msitu havilingani. Majani huchipua baada ya wiki chache za mvua, lakini mti wa msituni uliokomaa huhitaji miongo mingi. Moto wa wakati wa ukame, unaoanzia kwa mrina asali aliyeacha kijinga au kwa mkulima anayechoma mabua karibu na msitu, hupanda mteremko kwa kasi na kuingia katika tabaka la majani yaliyooza, ambako huweza kufukuta kwa siku nyingi bila mwali kuonekana.

Mfano wa Kilimanjaro unaonyesha gharama yake. Andreas Hemp, katika utafiti wa mwaka 2005, alieleza kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu wa mlima huo, na kwamba upotevu wa maji ya ukungu yaliyokuwa yakinaswa na miti ni mkubwa kuliko athari ya kuyeyuka kwa barafu. Moto wa Oktoba 2020 katika mlima huo uliendelea kwa siku kadhaa licha ya juhudi za mamia ya watu. Karatu, inayotegemea msitu wa juu kwa maji, inapaswa kuyasoma matukio hayo kwa makini.

Kuuzuia moto wa aina hii katika miinuko ni kazi ya mikono. Magari hayafiki, na maji ni ya kubeba mgongoni. Wanaozima hutumia matawi mabichi, mapanga na majembe; hufyeka na kuchimba njia hadi kwenye udongo mtupu; na pale upepo unaporuhusu, huwasha moto mdogo kutoka ukingo wa njia hiyo ili ule majani makavu yaliyo mbele ya moto mkubwa. Baada ya miali kuzimika hubaki ulinzi wa magogo na mizizi inayofukuta. Kazi hii huhitaji watu wengi wanaoijua ardhi, na watu hao ni wanavijiji wa pande zote mbili za mpaka. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti ya kuwasha na kuzuia moto. Hata hivyo, sheria haiwezi kumfanya mtu aache shamba lake usiku na kupanda mlima kuokoa msitu anaoujua kwa faini tu.

6.0 Ukarabati wa Ardhi

Historia ya Tanzania inatoa mifano miwili inayotofautiana. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973, ulifikia hatua ya kuondoa mifugo yote katika eneo lililomomonyoka la Kondoa mwaka 1979. Uoto ulirejea, lakini kwa gharama ya kuwahamisha wafugaji. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulijengwa juu ya ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ya akiba. Huko miti na majani vilirejea chini ya usimamizi wa kaya na vijiji vyenyewe.

Kwa Ngorongoro na Karatu, mfano wa pili ndio wenye mafunzo zaidi. Miti ya asili kama mwangati (*Juniperus procera*) na *Hagenia abyssinica* ina uwezo wa kuota katika ardhi iliyofunguliwa na moto, mradi isiliwe wala kuungua tena mapema. Hatua ya kwanza, basi, ni kulinda: kuzuia kwa muda malisho na ukataji katika eneo lililoungua, kwa makubaliano na wanaolitumia. Kupanda miti kwa pupa huleta hatari. Mbegu za miwati, kwa mfano, huamshwa na joto la moto, na mti huo wa kigeni huweza kuliteka eneo kabla ya miti ya asili.

Chini ya msitu, kazi ni ya udongo na maji. Makinga maji yanayofuata kontua, majani ya tembo kwenye kingo zake, na vizuizi vya mawe ndani ya makorongo hupunguza kasi ya maji yatokayo juu. Hayo yanakaribiana sana na yale ambayo Wairaqw waliyatenda Irqwar Da'aw kabla ya ofisa yeyote wa kilimo kufika. Ukarabati wa Karatu unaweza kuelezwa, kwa kiasi fulani, kama urejeshaji wa maarifa yaliyosahauliwa wakati wa pupa ya ngano na matrekta.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba katika nyanda za juu za Ngorongoro na Karatu haki ya kuwasha na wajibu wa kuzima vilitenganishwa hatua kwa hatua. Sotoka iliwaondoa watunzaji, ukoloni ukaligeuza zoezi lao kuwa kosa, na uhifadhi wa baada ya uhuru ukalikataza kabla ya kulirejesha mikononi mwa wataalamu. Tofauti kati ya malisho na msitu ni ya kweli, na ulinzi wa msitu ni wa lazima kwa maji ya Karatu. Lakini ulinzi huo unategemea watu walio jirani na msitu.

Suala hili limepata uzito mpya tangu mwaka 2022, kaya za wafugaji zilipoanza kuhamia Msomera, wilayani Handeni. Mjadala wa uhamaji huo umejikita zaidi katika idadi ya watu na mifugo. Insha hii inapendekeza swali la ziada kwa watafiti: watu wakipungua katika nyanda za juu, nani atakayechoma malisho mapema, na nani atakayekuwepo mwezi Oktoba moto utakapoponyoka? Historia ya kreta kati ya 1974 na 2001 inaonyesha kwamba kuuacha uwanja huo wazi kuna gharama, na kwamba gharama hiyo huchukua miaka mingi kabla ya kuonekana.