Kati ya Robertson na Westbrook

Kuna swali ambalo mpwa wangu huniuliza kila tunapokaa pamoja kutazama mpira wa kikapu, na huliuliza kwa uchokozi kwa sababu anajua litanichoma. "Mjomba, hivi huyo Oscar Robertson wenu angemweza kweli Westbrook?" Kwa muda mrefu nilimjibu kwa hasira, kama wazee wanavyojibu wanapoona heshima ya zamani inaguswa. Lakini nilipokaa chini nikapiga hesabu, niligundua kwamba yeye aliuliza vibaya na mimi nilijibu vibaya.

Wote wawili walicheza nafasi ya mchezeshaji, yaani yule anayeupeleka mpira mbele na kuipanga timu. Robertson alikuwa na timu ya Cincinnati Royals. Katika msimu wa 1961-62, ambao ulikuwa wa pili kwake katika ligi ya NBA ya Marekani, alipata kwa wastani wa kila mchezo pointi 30.8, ribaundi 12.5 na pasi 11.4 zilizozaa vikapu. Ribaundi, kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu, ni ule mpira unaodakwa baada ya mtu kurusha na kukosa. Kufikisha kumi au zaidi katika mambo yote matatu kwa usiku mmoja ni kazi. Yeye alifikisha kumi kwa wastani wa msimu mzima. Wakati ule hakuna aliyeshangaa sana, kwa maana hata jina la jambo hilo lilikuwa halijabuniwa. Tuzo ya mchezaji bora wa mwaka ule ilikwenda kwa Bill Russell wa Boston.

Miaka 55 ilipita. Wakaja Magic Johnson, Michael Jordan na wengineo, na hakuna aliyeifikia hesabu ile. Ndipo katika msimu wa 2016-17 Russell Westbrook wa Oklahoma City Thunder akapata kwa wastani pointi 31.6, ribaundi 10.7 na pasi 10.4. Robertson katika msimu wake alikuwa amefikisha mara tatu hizo katika michezo 41. Westbrook akafikisha katika michezo 42, naye akapewa tuzo ya mchezaji bora.

Sasa tuziweke hesabu hizi kwenye mizani. Mwaka 1962 timu zilicheza mbio mbio na kurusha ovyo. Timu moja ilirusha zaidi ya mara 100 katika mchezo mmoja, na mirusho mingi ilikosa, hivyo mipira ya kudakwa ilikuwa tele: zaidi ya 70 kwa kila timu. Mwaka 2017 timu ilirusha mara 85 hivi na kudaka mipira ipatayo 43. Kwa hiyo ribaundi 10.7 za Westbrook ni karibu robo ya mipira ambayo timu ya kawaida ilidaka, ilhali 12.5 za Robertson hazifiki hata sehemu moja kwa tano. Tena Robertson alikuwa uwanjani dakika 44 kati ya 48, na Westbrook hakufikisha 35. Mpwa wangu aliposikia haya alicheka mpaka akapiga magoti yake.

Lakini mizani ina upande wa pili. Mwaka 1962 ligi ilikuwa na timu 9 tu, kwa hiyo Robertson alikutana na majabali kama Bill Russell na Wilt Chamberlain mara kwa mara, wala hakuwa na usiku mwingi wa kupumzika mbele ya timu dhaifu. Westbrook alicheza katika ligi ya timu 30. Mstari wa pointi tatu, uliowapanua walinzi na kuacha njia wazi katikati, uliletwa NBA mwaka 1979, baada ya Robertson kustaafu. Waamuzi wa zamani walikuwa wakali kwa mtu aliyeubeba mpira badala ya kuudunda, na waandishi wa hesabu walikuwa wachoyo wa kuandika pasi. Aidha, wenzake Westbrook mara nyingi waliwazuia wapinzani ili yeye audake mpira na kuondoka nao mbio. Hapo ikawa zamu yangu ya kucheka.

Tungeweza kuendelea hivyo mpaka alfajiri. Kila tarakimu niliyoileta ilikuwa na mama yake, nao ni wakati uliyoizaa. Ukiing'oa huko na kuileta huku, inabaki tarakimu tu. Ndiyo maana nasema swali lilikuwa baya. Nilipoacha kuuliza nani angemshinda nani, nikauliza kila mmoja alifikaje pale, niliona jambo ambalo sikulitarajia.

Robertson alikulia katika mtaa wa maskini wa Indianapolis, akasoma Crispus Attucks, shule iliyojengwa ili watoto weusi wasisome pamoja na weupe. Mwaka 1955 shule hiyo ilitwaa ubingwa wa jimbo la Indiana. Wakati wa kushangilia, vijana wale hawakuachwa washerehekee katikati ya mji kama mabingwa wengine. Walirudishwa mitaa ya watu weusi. Robertson hakulisahau jambo hilo. Mwaka uliofuata wakatwaa tena ubingwa bila kufungwa hata mchezo mmoja.

Alipokuwa NBA alikuta kwamba mchezaji ni kama mali ya timu. Mkataba ukiisha, timu bado ilimshikilia, na hakuweza kwenda kwingine kwa hiari yake. Mwaka 1970, akiwa rais wa chama cha wachezaji, aliifungulia ligi kesi mahakamani pamoja na wenzake, wakipinga utaratibu huo na kupinga ligi isiungane na mpinzani wake ABA, kwa sababu kuwapo kwa ligi mbili ndiko kulikompa mchezaji pa kwenda. Kesi ilichukua miaka sita. Mwaka 1976 pande mbili zilipatana: timu nne za ABA ziliingia NBA, na wachezaji wakaanza kupata uhuru. Haukuja wote kwa mara moja. Ilikuwa mwaka 1988 ndipo mchezaji wa siku nyingi aliyemaliza mkataba alipoweza kuondoka bila timu yake ya zamani kuwa na haki ya kumzuia. Robertson mwenyewe alikuwa amestaafu mwaka 1974. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi; naye hakukila alichokilima.

Sasa twende Oklahoma City, Julai 2016. Kwa miaka minane Westbrook alikuwa ameichezea timu hiyo sambamba na Kevin Durant, mfungaji hodari sana, na kwa muda hata Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam alikuwa pamoja nao. Mkataba wa Durant ulipoisha, alifunga virago akaenda Golden State. Hakuna aliyeweza kumzuia. Westbrook akabaki na mpira mikononi mwake, na timu nzima ikamwegemea. Msimu uliofuata ndio ule wa 2016-17.

Tazama basi ilivyokuwa. Kama Durant asingeondoka, ni vigumu kuamini kwamba Westbrook angefikia hesabu zile. Na Durant aliondoka kwa uhuru ambao mzee Robertson alianza kuudai mahakamani miaka 46 nyuma. Mlango alioufungua mzee ndio ulioipitisha rekodi yake ikaenda kwa mwingine.

Aprili 2017, katika mchezo wa mwisho wa msimu wa kawaida, Robertson alisafiri hadi Oklahoma City. Alikuwa na umri wa miaka 78. Alisimama uwanjani mbele ya watu, akamsifu Westbrook, na wawili wale wakakumbatiana. Hakuleta habari za idadi ya mirusho wala dakika, kama tunavyofanya sisi tulioketi barazani.

Mpwa wangu alipokuja tena nilimsimulia habari ya kesi ile mwanzo hadi mwisho. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi Mjomba, bado hujajibu." Ni kweli, sijajibu. Ila tangu siku hiyo ameacha kusema "Robertson wenu".