Zifahamu chipu zinazobeba video kwenye waya, kuanzia ukumbini hadi ndani ya gari

Umewahi kuwa ukumbini, sherehe imepamba moto, halafu picha kwenye projekta inazima na kuwaka? Fundi anagusa waya, picha inarudi kidogo, inapotea tena. Mara nyingi projekta ni nzima na laptop nayo ni nzima. Shida iko njiani, kwenye waya.

Kwa nini video ni mzigo mzito?

Picha moja ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160. Ukizionyesha picha 60 kila sekunde, kwa biti 24 kila pikseli, unapata karibu gigabiti 12 kwa sekunde. Video unayotazama kwenye simu imebanwa sana, ndo maana bando lako linaiweza. Kebo ya HDMI kwa kawaida inabeba video bila kuibana. Kwa hiyo kebo ya kawaida ya shaba ikiwa ndefu, mawimbi yanafifia na picha inakatika.

Chipu mbili, waya mmoja

Suluhisho ni kuweka chipu mbili, moja inayotuma na nyingine inayopokea. Mfumo unaojulikana sana ni HDBaseT. Mwaka 2010 kampuni za LG, Samsung, Sony Pictures na Valens ya Israeli ziliunda umoja wa kuusimamia.

HDBaseT inatumia waya uleule wa LAN wenye jozi 4 zilizosokotwa, na inaweza kufika mita 100. Ndani yake hupita video, sauti, intaneti, amri za rimoti na hata umeme hadi wati 100.

Inawezekanaje? Badala ya kutuma volteji za aina mbili tu, yaani 0 na 1, chipu inatumia viwango 16. Kwa hiyo kila pigo moja linabeba biti nyingi zaidi. Chipu ya upande wa pili inachuja kelele na kuirudisha picha. Toleo la 3.0 limefikia gigabiti 18 kwa sekunde, linalotosha 4K bila kubana.

Kwenye gari, kuchelewa ni hatari

Ukumbini picha ikikatika, watu wanaguna tu. Barabarani ni habari nyingine. Gari likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, linakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Picha ya kamera ikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, gari limeshasogea karibu mita 3 kabla kompyuta haijamwona mtoto anayevuka.

Ndo maana Wi-Fi haitegemewi kwa kamera za kusaidia breki, na waya bado ni mfalme. Lakini ndani ya gari kuna kelele nyingi za umeme kutoka kwenye mota na vifaa vingine.

Mwaka 2020 shirika la MIPI lilitoa kiwango kiitwacho A-PHY kwa ajili ya kazi hii. Toleo la kwanza lilibeba hadi gigabiti 16 kwa sekunde kwa umbali wa mita 15. Mwaka 2021 taasisi ya IEEE nayo ilikipitisha. Pakiti ya data ikiharibika njiani, chipu inaiomba tena na kuipata papo hapo. Lengo lake ni kwamba isipotee hata pakiti moja kati ya pakiti ambazo idadi yake ni 1 ikifuatwa na sifuri 19!

Kabla ya hapo, magari mengi yalitumia mifumo ya kampuni mojamoja, kama GMSL na FPD-Link, na bado inatumika sana. Shida yake ni kwamba chipu za pande zote mbili lazima ziwe za mfumo mmoja. A-PHY ni kiwango cha wazi, kwa hiyo kampuni tofauti zinaweza kutengeneza chipu zinazoelewana.

Mambo ya kuzingatia

• Tundu la HDBaseT linafanana na la LAN, lakini usilichomeke kwenye swichi ya intaneti. Video haitapita.

• Unahitaji kifaa cha kutuma na cha kupokea. Waya peke yake hautoshi.

• Nunua waya wa shaba tupu, siyo alumini iliyopakwa shaba. Soma pia umbali ulioandikwa kwa 4K, maana vifaa vingine hufika mita 70 au pungufu.

• Waya wa kamera ya gari ukikatika, usikubali uungwe kwa kusokota na selotepu. Kamera inaweza kuonekana inafanya kazi leo, kesho ikakatika wakati breki inaihitaji. Badilisha waya mzima, wa aina ileile.