Kilinux: Ufunguo Tuliopewa

Hapa Singida nasikia mara kwa mara kwamba programu ya bure haina usalama, kwa kuwa kila mtu aweza kusoma msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha. Historia ya lugha yetu yatupa jibu.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux uliosaidiwa na Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kuhesabia kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza nia ya kutafsiri bidhaa zake. Tofauti ni kwamba wataalamu wa Dar es Salaam hawakuhitaji ruhusa ya kampuni: msimbo ulikuwa wazi, wakaweka maneno yetu pahali pa Kiingereza.

Uwazi huohuo humwezesha mkaguzi kuuona ufa. Hata hivyo, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Programu isiyosasishwa, ya bure au ya kununuliwa, ni nyumba isiyo na mlinzi. Leo Jambo OpenOffice siioni tena katika kompyuta za hapa. Ndugu wasomaji, ufunguo tulipewa. Waliopungua ni watunzaji.