Breki na Maji: Matengenezo ya Magari Makuukuu katika Njia ya Kasongo na Kabambare

Njia itokayo Ziwa Tanganyika kupitia Kabambare hadi Kasongo ni kongwe kuliko gari. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 ilikanyagwa na misafara ya biashara ya pembe na watumwa, na ndiyo iliyokifikisha Kiswahili Maniema. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliteka Kasongo mwezi Aprili 1893, na Kabambare mwezi Januari 1894. Gari lilipofika baadaye, lilifika pamoja na utawala wa Wabelgiji, na majina ya viungo vyake yakaja kwa Kifaransa.

Reli ya Kindu na Kongolo, iliyojengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, inapita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba, ilhali Kasongo na Kabambare ziko mashariki ya mto huo. Kilimo cha pamba cha kulazimishwa kilipoanzishwa Maniema mwaka 1917, mzigo ulibebwa na watu. Lori lilifuata baada ya barabara kuchimbwa kwa kazi ya shuruti ya wanavijiji. Gereji zilikuwa mali ya makampuni, misheni na serikali. Mkongo aliingia humo akiwa msaidizi. Alijifunza kwa kutazama, aghalabu bila kuelezwa sababu ya kile alichokitenda, na upungufu huu ulikuja kugharimu zaidi kuliko uhaba wa vipuri.

Uhaba wenyewe haukukawia. Tarehe 30 Novemba 1973 serikali ya Mobutu ilitangaza kuyatwaa maduka na mashamba ya wageni, na mkondo wa uagizaji wa bidhaa ukavurugika. Barabara ziliachwa zikamezwa na majani. Vita vya 1996, na vile vya 1998 hadi 2003, vilikamilisha uharibifu. Mizigo mingi ikahamia kwenye baiskeli, kisha kwenye pikipiki. Mwenye gari lililosalia hakuwa na budi kulitengeneza mwenyewe, kando ya njia, kwa alichokuwa nacho.

Katika hali hiyo ubovu wa breki ndio wa kuogopwa zaidi. Breki za magari mengi ya zamani huendeshwa kwa majimaji: mguu ukikanyaga, silinda kuu husukuma mafuta katika mirija hadi kwenye magurudumu. Mafuta yakikosekana, dereva hushawishika kutia maji ya sabuni, na hapo hadaa huanza, kwa kuwa maji nayo hayashindiliki na breki hushika kana kwamba imepona. Lakini maji huchemka kwenye joto la nyuzi 100 tu. Katika mteremko mrefu magurudumu hupata joto, maji hugeuka mvuke, na mvuke, tofauti na maji, hushindilika. Mguu huzama hadi chini na gari haliitiki. Kesho yake kutu imeanza kula silinda. Mafuta ya injini nayo huvimbisha raba za breki hata zikakwama. Ajabu ni kwamba mafuta ya mbarika, yanayoweza kukamuliwa kijijini, yalichanganywa na alkoholi kuwa mafuta halisi ya breki katika miongo ya mwanzo ya magari, kwa sababu hayakudhuru raba ya asili. Hata hivyo fundi asiye na kipimo hana sababu ya kuurudia mchanganyiko huo leo. Na baada ya kila ufunguzi wa mirija, sharti upepo utolewe: mmoja akanyage, mwingine afungue na kufunga skrubu kwenye gurudumu, hadi mapovu yaishe.

Upande wa kupoza injini una subira zaidi, kwani huonya kwa mvuke kabla ya kuua. Maji ya mto huacha tope na chokaa ndani ya rejeta, na mirija yake myembamba huziba. Mfuniko usiokaza huruhusu maji kuchemka mapema, maana shinikizo ndilo linalopandisha kiwango cha kuchemka. Wengi huing'oa themostati wakidhani joto la nchi linaifanya kuwa ya bure. Katika injini kadhaa kuing'oa huyaachia maji yazunguke pembeni bila kupita rejeta, na joto huzidi.

Kwa wanafunzi wa lugha suala ni jinsi maonyo kama haya yanavyoweza kuandikwa. Dereva wa Dar es Salaam ni shofere huko Kongo, na neno breki, lililotoka Kiingereza, lina mshindani katika neno la Kifaransa, frein. Kitabu cha ufundi kilichoandikwa kwa majina ya pwani pekee kitamkwaza msomaji wa Kabambare katika kila ukurasa. Vitenzi, kwa upande wao, vilifika kwa miguu pamoja na misafara: kuvuja, kuziba, kuchemka, kupoa, kufunga. Mwandishi anayeanza na kitenzi, akaeleza kinachochemka na kwa nini, ana nafasi ya kueleweka pande zote mbili za Tanganyika, hata kama jina la kiungo litabidi liandikwe mara mbili.