Sikio kabla ya kinywa: kujifunza kusema Kiingereza

Tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, vijana wengi wa kwetu wanatuuliza namna ya kujua Kiingereza upesi. Wengi wao wamekisoma shuleni. Wanatunga sentensi nzuri ubaoni, lakini mfanyabiashara wa Kampala akisema nao, hawashiki hata neno moja. Si kwamba hawana akili. Sikio lao halijafundishwa.

Kiswahili kina irabu tano, na kila moja husomwa jinsi ilivyoandikwa. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20. Hivyo «ship», yaani meli, na «sheep», yaani kondoo, kwetu husikika kama neno moja. Kifaransa nacho huongeza mtego: tukiona «table» au «nation», jicho husoma Kifaransa kabla sikio halijaulizwa.

Lakini shida kubwa kuliko irabu ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: mwaLImu, kaNIsa. Kiingereza huuhamisha: PHOtograph, lakini phoTOgrapher. Silabi zisizo na mkazo humezwa. «What do you want?» hutoka kinywani karibu kama «wadyuwont». Mwanafunzi anayajua maneno yote manne, ila hajawahi kuyasikia yameshikana hivyo.

Basi tuanze na sauti fupi, ya dakika moja. Sauti ya Amerika ilianza mwaka 1959 vipindi vya Kiingereza chepesi, vyenye maneno kama 1500, vikisomwa polepole. Vya namna hiyo vinafaa. Sikilizeni mara mbili au tatu bila kutazama maandishi. Andikeni mlichosikia, kisha mlinganishe na maandishi. Pale penye pengo ndipo somo lilipo. Mwisho semeni pamoja na msomaji, mkifuata mkazo wake.

Kuitikia kwa pamoja, darasa zima, kunapendeza kwa wanaopita nje, lakini mtu hujificha ndani ya sauti za wenzake. Ni heri wawili wawili: mmoja ana bei za sokoni kwenye karatasi, mwenzake hana, naye lazima aulize mpaka azipate zote. Mwalimu asikate maneno kwa kila kosa. Ayaandike, ayarudie baadaye.

Kuna sentensi moja tungeitanguliza hata kabla ya salamu: «Please say it again slowly», tafadhali rudia polepole. Kwetu ni adabu kumwitikia mkubwa «ndiyo». Mkimbizi aliyeko Uganda au Marekani akimjibu daktari «yes» kwa heshima tu, bila kufahamu, anaweza kurudi nyumbani na dawa asiyojua anywe mara ngapi kwa siku.