Kigoda cha Milansi na Sinema za Leo: Neno juu ya Udhanaishi na Uhuru wa Mwanamke

Wachunguzi wa sinema za Afrika Mashariki wamezoea kuuliza kama picha fulani yamsifu mwanamke au yamdhalilisha. Swali hilo si baya, lakini halitoshi, kwa maana mwanamke aweza kusifiwa sana na bado asiwe na neno lolote la kuamua. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba falsafa ya udhanaishi, kama ilivyofafanuliwa na Bibi Simone de Beauvoir wa Ufaransa, yatupa swali lenye uzito zaidi: ni nani atendaye, na ni nani atendwaye? Ili tusidhani kwamba swali hilo ni la wageni, yafaa tuanze na habari ya kale ya Ufipa.

Msafiri atokaye Tunduma kwenda Sumbawanga hupita Laela, kusini mwa uwanda wa Ufipa. Katika uwanda huo huo iko Milansi, ambayo kwa masimulizi ya Wafipa ndiyo makao ya utawala wa kwanza wa nchi. Masimulizi hayo, ambayo Roy Willis aliyachunguza katika utafiti wake wa miaka ya 1960, yana namna zaidi ya moja, lakini kiini chake ni hiki. Mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda. Nyuma yake walifika wanawake wageni, Watwachi, na mkubwa wao akakikalia kigoda cha enzi. Mtawala aliporudi alikuta mambo yamekwisha: mamlaka ya nchi yamepita kwa wageni, naye akabakiwa na heshima ya mambo ya ibada. Kwa Watwachi hao ndiko wanakohesabiwa kutoka watawala wa Nkansi na Lyangalile.

Mwanahistoria aweza kuyapima masimulizi haya kama kumbukumbu ya kubadilika kwa enzi. Sisi twatazama jambo moja tu. Wanawake wale hawakuzaliwa watawala wa Milansi. Walikuwa watawala kwa tendo. Lakini tusisahau kwamba waliotawala baadaye walikuwa kwa wingi wanaume. Simulizi lilimpa mwanamke mwanzo wa enzi, na wanaume wakaishika kwa muda mrefu.

Hapo ndipo tunapokutana na Bibi de Beauvoir. Katika kitabu chake Le Deuxième Sexe cha mwaka 1949 alitoa hoja kwamba maumbile peke yake hayaamui maisha ya mwanamke. Malezi, desturi na kazi ndivyo vinavyomfinyanga. Mwanamume amejifanya kipimo cha ubinadamu, na mwanamke akawekwa pembeni kama mwingine anayepimwa kwacho. Hata hivyo mtu si jiwe: ndani ya hali aliyoikuta anaweza kutenda na kuvuka mipaka yake. Naye alikwisha kueleza, katika kitabu cha mwaka 1947, kwamba uhuru wa mtu mmoja wategemea uhuru wa wenzake. Mwaka 1959 aliandika insha juu ya Brigitte Bardot, mchezaji wa sinema, na mwaka 2012 Jean-Pierre Boulé na Ursula Tidd wakahariri kitabu kizima kinachozitazama sinema za siku hizi kwa fikira zake. Kwetu, wasomaji wa Kiswahili wameuzoea udhanaishi zaidi kwa riwaya za Euphrase Kezilahabi, hasa Kichwamaji ya mwaka 1974.

Lugha yetu yenyewe ina vyombo vya kazi hii. Twasema mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na mzazi humwoza binti yake, yaani binti huozwa. Kitenzi ni kimoja, lakini viambishi vyatangaza nani ana mkono katika jambo. Tena lugha hiyo hiyo inalo neno kuoana, ambamo wote wawili ni watendaji. Pwani pana neno kutawa, na kutawishwa kwa asiyejiamulia. Nalo laeleza vizuri maisha yaliyofungwa ndani kuliko maneno mengi ya kukopa. Wala sarufi si hukumu. Ni hali tuliyoikuta, na msemaji huchagua ndani yake.

Tuipime basi sinema ya Vuta N'Kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, ambayo Tanzania iliipeleka kugombea tuzo ya Oscar. Mambo yake yanatendeka Unguja, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa kwa mzee Raza. Anatoroka, anapata hifadhi kwa rafiki yake Mwajuma, na anampenda Denge, mpigania uhuru. Mtazamaji mwepesi atasema kwamba mapenzi yamemkomboa. Mdhanaishi atasita. Bibi de Beauvoir aliwaonya wanawake kwamba mapenzi nayo yaweza kuwa namna nyingine ya kuukabidhi uhuru wao kwa mtu mwingine. Ikiwa Yasmin ametoka katika nyumba ya Raza ili aingie tu katika azma ya Denge, amebadilisha mwenye nyumba. Ikiwa harakati zile zimekuwa zake pia, hapo ametenda.

Kwa hiyo jambo la kutazamwa sana ni nyumba ya Mwajuma kabla ya mapenzi ya Denge. Huko Yasmin anapokewa na mwanamke mwenzake, nje ya ukoo na nje ya kabila. Bibi de Beauvoir alihuzunika kwamba wanawake wametawanyika miongoni mwa wanaume, hata hawasemi kwa pamoja. Watwachi wa masimulizi walifika Milansi wakiwa kundi, si mmoja mmoja.

Wachunguzi wa sinema zetu, za Dar es Salaam na za kwingineko, wangefanya vyema kuandika kwa makini kila kitenzi ambacho mwanamke ni kiima chake katika picha, na kila alichotendewa. Hesabu hiyo yaweza kufanywa Laela sawasawa na Paris, na kwa Kiswahili tupu. Picha nyingi zinazosifiwa kwa kumheshimu mwanamke zitaonekana hazikumpa hata tendo moja.