Siti binti Saad ni mtunzi, na wanafunzi wafundishwe hivyo

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, akapewa jina la Mtumwa. Kwao walikuwa wafinyanzi. Alipokua alijitwika vyungu mpaka mjini, akivinadi njiani kwa sauti iliyofika mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko Ali Muhsin, mpigaji wa klabu ya taarab ya Nadi Ikhwani Safaa, akamfundisha kuimba. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1905 na wanachama wake walikuwa wanaume.

Kabla ya hapo taarab ilikuwa burudani ya kasri. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri ajifunze kupiga kanuni, na nyimbo zikaimbwa kwa Kiarabu. Siti aliziimba kwa Kiswahili, lugha ya watu wa mitaa ya Ng'ambo mjini Unguja, na mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Hapo mwanamke wa Afrika Mashariki akaanza kusikika kwenye gramafoni.

Hayo huelezwa mara kwa mara. Linalonisikitisha ni kwamba vijana wengi humjua kama sauti nzuri tu. Siti hakujua kusoma wala kuandika, na pengine ndiyo sababu watu husita kumwita mtunzi. Lakini nyimbo za kundi lake zilitungwa barazani. Jioni wenzake, miongoni mwao Subeti, Buda, Mbaruk na Maalim Shaaban, walikusanyika nyumbani kwake. Habari za mji zikajadiliwa, mmoja akatoa ubeti, mwingine akaurekebisha, na kilichokubalika kikahifadhiwa kichwani. Huo nao ni utunzi, tena mgumu, kwa sababu hakuna karatasi ya kurudia.

Sikiliza wimbo wa Kijiti. Unasimulia kisa cha kweli: mwanamke mgeni kutoka bara aliuawa Unguja, mtuhumiwa akatorokea ng'ambo ya bahari, na wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani. Chini ya utawala wa Waingereza, watu wa kawaida hawakuwa na gazeti la kuandika kwamba hukumu ile haikuwa ya haki. Wimbo ulilisema jambo hilo hadharani, na santuri ikalisambaza pwani nzima. Mwalimu wa historia na mwalimu wa muziki wote wawili wanauhitaji wimbo huu.

Wapinzani wa Siti nao walimtungia nyimbo za kumkejeli kwa sura yake na kwa asili yake ya shamba. Alijibu kwa wimbo kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili. Alifariki mwaka 1950, na mwandishi Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, alijifunza kwa kumsikiliza Siti. Ila yeye alikuwa pia somo wa unyago: alijifunga ngoma ya msondo kiunoni na kuwafunda wasichana, wanaume wakiwa mbali. Alizichukua ngoma hizo akazipandisha jukwaani Ulaya na kwingineko, akatunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na kufariki Aprili 2013. Bara nako alikuwapo Shakila Saidi wa Tanga, na Mombasa wakawapo Malika na Zuhura Swaleh, kila mmoja akistahili kipindi chake darasani.

Leo wasichana wa Unguja wanasoma udi, kanuni na fidla katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002. Kwa shule zisizo na ala wala mwalimu wa muziki, simu moja yatosha kuanzia. Mwalimu apige wimbo wa Muhogo wa Jang'ombe wa Siti, kisha apige ule wa Bi Kidude, halafu awaulize wanafunzi: nini kimebaki, nini kimebadilika, na nani aliyebadilisha?